Tarakimu 48 za Mama Katibu: Usimbaji Fiche wa Kompyuta Unaishia Wapi

Msimu wa korosho ukiwa umechanganya, katibu wa chama kimoja cha msingi alikuja Mtwara mjini kutoka upande wa Msimbati, laptopu yake ikiwa ndani ya mfuko wa sandarusi. Haiwaki. Nilipoifungua nikakuta ugonjwa tuliouzoea mafundi wa pwani: ukungu wa kijani umetambaa juu ya bodi, pale karibu na tundu la chaji. Hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Bodi ile haikuwa ya kupona. Nikapata nyingine ya modeli ileile kutoka kwenye laptopu iliyopasuka kioo, nikafunga diski ya mama, nikawasha. Feni ikazunguka, kioo kikawaka, Mama Katibu akasema alhamdulillahi. Kisha ikaja skrini ya bluu yenye maandishi meupe, inadai namba ya kurejeshea yenye tarakimu 48.

"Mama, namba hii unayo?"

"Namba gani tena, mwanangu? Nywila yangu mimi naijua."

Akaitaja palepale, kwa sauti, mbele ya wateja wawili waliokuwa wanasubiri simu zao. Skrini haikuitaka nywila.

Ndani ya diski mlikuwa na orodha ya wakulima: majina, kilo walizopeleka ghalani, namba za akaunti za benki, namba za simu. Mnada umeshafanyika, watu wanasubiri fedha. Na diski nzima ilikuwa imesimbwa, mwenyewe hana habari. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Kabla ya kung'oa bodi ya laptopu yenye Windows mpya, fundi anatakiwa aulize ufunguo uko wapi. Sikuuliza.

Tuanze na maana ya kusimba. Kusimba data ni kuichanganya kwa kanuni ya hesabu mpaka isomeke kama takataka, na asiye na ufunguo asiweze kuirudisha. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hili sasa ni fumbo ambalo mwerevu naye linamshinda. Kanuni inayotumika kwenye laptopu karibu zote leo inaitwa AES. Waliibuni Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na Marekani ikaipitisha kuwa kiwango chake rasmi mwaka 2001. Ufunguo mfupi kuliko wote wa AES una biti 128, maana yake idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Mashine inayojaribu funguo trilioni moja kila sekunde ingemaliza umri wote wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, na bado ingekuwa haijafika popote.

Kwa hiyo mtu anayetaka data yako kwa dhati haigusi AES kabisa. Anamfuata mwenye ufunguo, au anangoja mlango ufunguliwe.

Huku kwetu mfano uko karibu. Ghala la korosho usiku lina kufuli, lina mlinzi, na korosho zimetulia. Asubuhi mlango unafunguliwa: wapagazi wanaingia na magunia, karani anapima, dereva anakuja kuulizia mzigo wake. Kufuli lile lile zuri la jana usiku linaning'inia kwenye komeo, halizuii mtu. Diski iliyosimbwa ni hivyo hivyo. Kompyuta ikizimwa ni usiku. Ukishaiwasha na kuingia, kumekucha, na programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lako inasoma faili zako kama unavyozisoma wewe. Mkanganyiko mkubwa wa watu uko hapo: wanadhani faili zao "zimesimbwa" muda wote, kumbe zinafumbuliwa kila zinapoguswa.

Polisi wa Marekani walilielewa hili vizuri. Tarehe 1 Oktoba 2013 walimkamata Ross Ulbricht, aliyekuwa akiendesha soko haramu la mtandaoni lililoitwa Silk Road, ndani ya maktaba ya mtaa wa Glen Park, San Francisco. Laptopu yake ilikuwa imesimbwa. Laiti angefanikiwa kuifunga tu, wangekuwa na kazi ngumu. Basi maofisa wawili, mwanamume na mwanamke, wakajifanya wapenzi wanaogombana nyuma yake. Alipogeuka kutazama, mwingine akaivuta laptopu ikiwa bado wazi. Hawakuhitaji mtaalamu wa hesabu. Ugomvi wa uongo ulitosha.

Hata pasipo mtu wa kuipora ikiwa wazi, ufunguo wenyewe huwa umekaa mahali. Ili kompyuta iweze kufumbua faili kila mara bila kukuuliza, inauweka ufunguo kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda. Tulifundishwa kwamba RAM ikikosa umeme inasahau papo hapo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba haisahau haraka hivyo. Walipulizia chipu za RAM hewa ya kopo la kusafishia vumbi, wakiwa wamelipindua ili itoke baridi kali, na kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri data ilibaki karibu yote hata baada ya dakika kumi bila umeme. Muda huo unatosha kuihamishia RAM kwenye mashine nyingine na kuuchota ufunguo. Joto la Mtwara mwezi Novemba linasaidia kidogo hapo, maana RAM ikiwa na joto inasahau upesi. Na laptopu nyingi za siku hizi RAM zake zimechomelewa kwenye bodi, haziwezi kuchomolewa kirahisi. Lakini kanuni iko palepale: penye umeme, pana ufunguo.

Ndiyo maana kufunika laptopu si kuizima. Watu wengi ninaowahudumia hawajawahi kuzima laptopu zao tangu wazinunue. Wanafunika, wanatia kwenye begi, wanapanda bodaboda. Mashine iliyofunikwa huwa imelala tu. RAM inanyonya betri kidogo kidogo na ufunguo umo ndani. Ukiporwa begi hapo, mwizi kaondoka na ghala ambalo kufuli lake limeshafunguliwa, kilichobaki ni mlango wa kusukuma, yaani ile skrini ya kuingilia.

Na kwenye laptopu nyingi za Windows, hata kuizima hakumalizi kazi, na jambo hili linawashangaza wengi. Ufunguo wa diski umehifadhiwa ndani ya chipu ndogo iitwayo TPM. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, chipu inaikagua mashine. Ikiona ni ileile na haijachezewa, inautoa ufunguo yenyewe, diski inafunguka, na ndipo unapoiona skrini ya kuingilia. Hukuandika chochote. Diski ilikuwa imeshafunguka kabla hujagusa kibodi. Kwenye laptopu za zamani kidogo, ambazo TPM imekaa peke yake kwenye bodi, ufunguo huo unapita kwenye nyaya nyembamba kuelekea kwenye prosesa, na unapita bila kusimbwa. Mwaka 2024 mtaalamu mmoja alionyesha kwa video jinsi alivyounasa ukiwa njiani, akitumia kifaa cha bei ndogo alichokitengeneza kwa bodi ndogo iitwayo Raspberry Pi Pico. Ilimchukua sekunde 43. Dawa ni kuweka namba ya siri inayoulizwa kabla Windows haijaanza kupanda, ila chaguo hilo limo kwenye toleo la Pro na si kwenye lile la nyumbani, ambalo ndilo limejaa mitaani.

Basi tuseme una nywila kabisa, kama wanavyofanya watumiaji wa programu za kusimba diski kama LUKS kwenye Linux au VeraCrypt. Hapo ugumu wa fumbo unashuka mpaka kwenye ugumu wa nywila yako, maana nywila ndiyo inayoufungua ufunguo wa kweli. Nitoe mfano ninaokutana nao kila wiki: namba ya simu. Namba za simu za mkononi za Tanzania zinaanza na 06 au 07, kisha tarakimu nane. Jumla haizidi milioni 200. Programu nzuri ya kusimba huchelewesha kila jaribio makusudi; tuchukulie jaribio moja linakula sekunde nzima. Kompyuta moja itamaliza namba zote kwa miaka sita na ushee. Kompyuta 100 zitamaliza kwa siku 23 hivi. Na anayekufahamu hahitaji hata kompyuta hizo, maana namba yako imo kwenye simu yake.

Kuna jambo jingine ambalo naona linawaumiza watu wa huku kuliko hayo ya kopo la baridi na nyaya. Faili likitoka kwenye diski, halitoki na kufuli lake. Ukilinakili kwenye fleshi, kompyuta inalifumbua kwanza, kisha inaliandika kwenye fleshi likiwa uchi. Ukilituma kwa barua pepe, vilevile. Ukilichapisha, karatasi haijui AES. Ulichosimba ni diski. Faili lilikuwa mpangaji tu humo.

Ingia steshenari yoyote karibu na stendi au hospitali, uombe kuchapishiwa kitu. Kijana atakwambia tuma kwa WhatsApp. Utatuma, ataifungua kwenye kompyuta ya dukani, atachapa, utalipa, utaondoka. Nakala yako haiondoki. Niliwahi kuitwa kutengeneza kompyuta ya duka la namna hiyo, tatizo lao lilikuwa "imejaa". Nilipofungua folda ya vilivyopakuliwa, kioo kilijaa majina ya watu: vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi, matokeo ya vipimo vya hospitali, mikataba ya kuuziana viwanja, picha za vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma. Miaka mitatu ya maisha ya watu, haina nywila wala chochote, na mlango wa duka uko wazi mpaka saa mbili usiku. Wenye faili hizo, bila shaka, baadhi yao wana laptopu zilizosimbwa vizuri nyumbani.

Virusi navyo haviulizi kama diski imesimbwa. Vinaingia mchana, ghala likiwa wazi, mara nyingi kwa fleshi hiyohiyo. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry viliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, vikasimba faili za watu na kudai malipo. Mwenye BitLocker, ile programu ya Windows ya kusimba diski, na asiye nayo walilia pamoja: virusi vile vilisoma faili zikiwa zimeshafumbuliwa, vikaweka kufuli la kwao juu yake. Na usisahau kwamba usimbaji unaficha, hauzuii kufuta. Wezi wengi wa laptopu hapa mjini hawana haja na orodha yako. Wanataka mashine. Wanaifuta diski, wanaweka Windows upya, inauzwa kesho. Siri yako imelindwa kikamilifu, na kazi yako ya miaka minne imeondoka. Nakala rudufu ni jambo jingine kabisa, na kama huna, AES haikusaidii.

Wanunuzi wa laptopu za mtumba wana tatizo lao dogo. BitLocker inapoanzishwa huuliza kama isimbe diski nzima au sehemu inayotumika tu. Ya pili ni ya haraka, wengi wanaichagua. Lakini sehemu "isiyotumika" ndiko ziliko faili zilizofutwa jana, ambazo bado zinasomeka kwa programu ya kufufulia. Diski za SSD, zile zinazohifadhi data kwenye chipu, zinaongeza utata wake, kwa sababu zinahamahamisha data zenyewe ili zisichakae upande mmoja, na kipande cha zamani kinaweza kubaki mahali ambapo Windows haipaoni kabisa. Namna salama ni kusimba mashine ingali tupu, kabla ya faili la kwanza. Na ukiona SSD inatangazwa kuwa "inajisimba yenyewe", usilale usingizi kwa tangazo hilo: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walizipima kadhaa za Samsung na Crucial wakakuta baadhi zinafunguka hata bila nywila sahihi. Mwaka uliofuata Microsoft iliacha kuziamini kwa chaguo-msingi, BitLocker ikawa inasimba kwa programu yenyewe.

Sasa nirudi kwa Mama Katibu, kwa sababu mpaka hapa nimezungumzia adui anayeingia, na yeye alikuwa mwenye nyumba aliyefungiwa nje.

Kilichotokea ni hiki. Laptopu nyingi zinazokuja na Windows mpya hujisimba zenyewe mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Haziulizi kwa sauti. Ufunguo wa kila siku unakaa kwenye TPM, na ile namba ya kurejeshea yenye tarakimu 48 inapelekwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Mimi nilipotoa bodi iliyoliwa na chumvi, niliitoa na TPM yake. Bodi mpya ina TPM nyingine, isiyojua lolote. Kwa macho ya diski, mimi na mwizi hatukuwa na tofauti. Fumbo lilifanya kazi yake kama lilivyoahidi.

"Mama, laptopu hii nani alikuanzishia siku ya kwanza?"

Akafikiri. Mtoto wa kaka yake, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Alitumia akaunti yake mwenyewe, maana shangazi hakuwa na barua pepe, kisha akamfungulia shangazi sehemu yake ya kuingilia. Halafu likizo ikaisha. Kwa hiyo kwa karibu miaka miwili ufunguo wa taarifa za wakulima wote wale ulikuwa mikononi mwa kijana aliyekuwa kilomita zaidi ya 500 kutoka hapo, na yeye pia hakujua. Ulikuwa vilevile kwenye hifadhi ya kampuni ya Marekani, ambayo mahakama ikiiamuru kihalali inaweza kuutoa. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba swali la "nani ana ufunguo" halijibiwi na aliyeshika laptopu.

Na hilo ni swali la kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Chama kinachoshika majina na akaunti za benki za wakulima kimo ndani yake. Kwingineko sheria inakufuata mpaka kwenye ufunguo: Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 2000, anayekataa kuutoa akiwa ameamriwa anaweza kufungwa hadi miaka miwili, na hadi mitano ikiwa ni suala la usalama wa taifa. Hesabu ngumu haimsaidii mtu aliyekaa mbele ya hakimu. Wala aliyekaa mbele ya mume mkali, kwa kweli.

Tukampigia kijana. Aliingia kwenye akaunti yake, akakuta funguo tatu zimeorodheshwa, mbili za kompyuta alizokwisha kuuza. Skrini ya bluu huonyesha herufi na tarakimu nane za kitambulisho cha ufunguo. Akalinganisha, akapata ulio wetu. Kisha akaanza kusoma, makundi manane ya tarakimu sita sita, mtandao ukikatika kila baada ya kundi moja.

"Shangazi, andika: tano, nne, sifuri..."

"Sifuri au saba? Rudia, baba, kuna pikipiki inapita."

Kundi la tatu skrini ilikataa. Hii ni hekima ndogo iliyomo ndani ya namba hizo: kila kundi la tarakimu sita lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja linajulikana palepale, huhitaji kusubiri mpaka mwisho. Akarudia, ikawa saba. Dakika kumi na tano baadaye tukafika kundi la nane. Windows ikapanda, Mama Katibu akaandika ile nywila ambayo sasa sote dukani tulikuwa tunaijua, na orodha ikafunguka, jina la kwanza mpaka la mwisho.

Nikamwandikia tarakimu zote 48 kwenye karatasi. Nikamwambia aifungie nyumbani pamoja na hati ya shamba, asiikunje ndani ya begi la laptopu. Akaitikia. Nikamwambia tutafungua akaunti yake mwenyewe, na nywila tubadilishe. Akaitikia tena, macho yako kwenye saa ya ukutani. Kisha akatoa fleshi nyekundu kwenye pochi, akaichomeka, akavuta faili la orodha kulipeleka humo.

"Mama, hiyo ikitoka hivyo inatoka bila kufuli."

"Najua, mwanangu, umenieleza vizuri. Lakini benki wanafunga saa kumi, na wanataka ya karatasi."

Akalipa, akashukuru, akavuka barabara kuelekea steshenari.